Meza Kuukuu Yafaa Mlangoni

Meza ndogo iliyolegea miguu isipasuliwe kuni upesi. Kwanza itazameni. Mkiona vitundu vyenye unga mwembamba, huenda bungua wangali ndani. Meza hiyo msiiweke nyumbani. Lakini mbao zikiwa nzima, na hasa zikiwa za mvule, kateni miguu yote kwa kipimo kimoja, meza ibaki na urefu wa sentimita 45. Sasa ni benchi la mlangoni, la kukalia mgeni avuapo viatu.

Kiungo kilicholegea hakiponi kwa msumari, maana msumari hupasua mbao kavu. Kifungueni, mkwangue gundi ya zamani, mtie mpya, kisha mzungushe kamba na kuisokota kwa kijiti mpaka ikaze. Iacheni hata kesho yake. Chini tieni ubao wa kuwekea viatu, ulioinuka kiasi cha kupitisha ufagio.

Jihadharini sana na rangi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Msiikwangue kavu wala kuichoma moto. Ilowesheni, mkaikwangulie nje, watoto wakiwa mbali. Na mtu asile kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.