Wadandiaji ndani ya mfuko wa vifaranga

Mvua zimeshika, na njia ya Arua kwenda Koboko imejaa pikipiki zilizobeba mifuko ya nailoni iliyotuna kwa hewa. Ni vifaranga vya ngege na kambare. Mwenye bwawa akishapokea mfuko wake, hukata kamba na kumimina vyote, samaki na maji. Ndugu mfugaji, hapo nakuomba usubiri kidogo.

Mfuko uliofungwa Kajjansi, karibu na Kampala, umesafiri karibu kilomita 500. Uliofungwa kwa jirani, dakika tano tu. Yote miwili yaweza kuwa na wadandiaji, yaani viumbe wasioalikwa. Weka mfuko bwawani ukiwa umefungwa, uelee dakika 15 hadi 20 ili joto la maji lilingane. Ufungue, ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha wachote samaki kwa wavu laini. Maji yaliyobaki yaonje kwa macho: teka kikombe, mimina kwenye sahani nyeupe, ukae nayo juani.

Ukiona vidoadoa vinavyorukaruka kama viroboto, tulia. Hao ni chakula, na kifaranga mchanga hukua kwa kuwala. Vifunza vyekundu vya matopeni ni chakula vilevile, na viluwiluwi vya mbu ngege huvimaliza. Nimeona watu wakimwaga dawa ya mimea bwawani kwa kuwaogopa wadudu hawa. Tafadhali sana, usifanye hivyo: dawa hiyo yaweza kuua samaki pamoja na adui.

Adui wa kweli ni mtoto wa kereng'ende. Ana rangi ya tope, miguu sita, macho makubwa, na hana mabawa ya kurukia. Chini ya kichwa amekunja taya mfano wa mkono. Kifaranga akipita karibu, taya hufyatuka na kumnasa. Yeye hahitaji hata mfuko, maana mama yake huja kwa mabawa na kutaga majini. Hili nilijifunza kwa hasara bondeni mwa mto Enyau. Nilijaza bwawa mapema, vifaranga vikachelewa mwezi mzima, nami nikaona bwawa limeshaiva. Kumbe nilikuwa nawatunzia kereng'ende wanao. Nilipokuja kuvuta wavu, samaki walikuwa wa kuhesabika. Tangu hapo najaza maji siku chache tu kabla ya vifaranga kufika.

Mwenzake ni mdudu anayeogelea chali, tumbo liking'aa kama fedha kwa hewa aliyoibeba, akipiga miguu miwili mirefu kama makasia. Huyu hufyonza vifaranga, na ukimshika kwa mkono anauma. Yupo anayefanana naye lakini huogelea kifudifudi. Huyo wengi wa jamii yake hawana madhara, hivyo tazama mgongo uko upande gani kabla ya kuhukumu. Adui wote wawili hupenda majani ya kingoni. Fyeka kingo, pitisha wavu wenye matundu madogo, na funga chujio kwenye mdomo wa mfereji.

Wengine hudandia mwili wa samaki mwenyewe. Chawa wa samaki ni bapa, kama gamba linalotembea. Mnyoo nanga hujichimbia nyamani, ukamwona amening'inia kama uzi na pembeni pamevimba. Samaki anayejisugua ukutani au chini anakuambia kitu. Kwa vimelea vidogo vya ngozi, gramu 200 za chumvi katika lita 20 za maji, dakika kumi, husaidia. Simama hapo hapo, na samaki akianza kulala ubavu mrudishe maji safi. Mnyoo nanga mkubwa hasikii chumvi. Samaki mwenye mnyoo huyo usimpokee kabisa.

Bwawa lililokwishachafuka likaushe hadi chini papasuke, kisha tandaza chokaa ya shambani, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba.

Konokono bapa, aliyejikunja kama kamba iliyozungushwa, namtaja mwisho kwa sababu anatuhusu sisi zaidi ya samaki. Aina hiyo ndiyo inayobeba kichocho cha tumbo, ugonjwa unaotesa watu wa kando ya mto Nile ya Albert kwa miaka mingi. Ukimwona kwenye sahani, vaa buti za mpira kabla ya kuingia bwawani, wazuie watoto wasiogelee, na maji ya mfuko yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji.