Wa Kukaa Naye Leba

Uchungu wa mtoto wa kwanza unaweza kupita saa 12. Muda wote huo nesi ana wazazi wengine: huyu anampima njia, yule anasukuma, wa tatu ndiyo kwanza anashushwa kwenye bajaji. Anayebaki na mama bila kuondoka ni dula.

Neno limetoka Kigiriki, wala halihusiani na akina Abdallah wanaoitwa Dula mtaani. Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Pwani, somo humfunda mwari wake na kumfuata hadi kwenye ndoa na uzazi. Si lazima umlipe mtu, maana dada, shangazi, jirani aliyekwisha kuzaa au mume anaweza kuifanya, mradi mjamzito amemchagua mwenyewe. Mama mkwe tunamheshimu, lakini kama mkwewe anamwonea haya hata kulia, basi asubiri nje.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mtu wake wakati wa kujifungua. Tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 zilionyesha kuwa wenye mtu wa kukaa nao muda wote huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, na uchungu wao hupungua urefu kidogo. Mkoani Kigoma vituo vya afya vimekwisha kujaribu utaratibu huu.

Msaada unaanza mapema. Dula aende kliniki na mjamzito angalau mara moja, aione kadi, ajue tarehe ya matarajio, na aulize usafiri wa usiku utatoka wapi.

Leba, mikono ndiyo inayosema. Uchungu ukipanda, kandamiza kiuno chini, karibu na makalio, kwa kiganja kizima, usiachie mpaka ushuke. Wengi wanapenda hivyo. Akisema toa mkono, toa. Pumua naye taratibu. Ukishuka, mpe uji au maji akiruhusiwa, mfute jasho kwa kanga, mtembeze, mkumbushe kwenda kukojoa. Na umsifu! Mwenye uchungu hahitaji kusikia habari za fulani aliyezaa kwa shida.

Dula hapimi njia, hakandamizi tumbo, hamwambii mama asukume kabla ya mkunga. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu asizilete hata kwa siri kwenye chupa ya chai: zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mfuko huo ukachanika.

Mtoto akitoka, dula asaidie awekwe kifuani na anyonye ndani ya saa 1. Maziwa yale ya njano, dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Kisha aangalie damu. Pedi au kitambaa kikilowa chapachapa kwa muda mfupi, aite nesi hapo hapo, hata kama alimwita dakika tano zilizopita.

Nyumbani pia, kabla au baada ya kuzaa, damu nyingi, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege au homa havisubiri asubuhi. Mimba ikiwa kubwa na mtoto ameacha kucheza, nendeni kituoni.

Siku ya kliniki ijayo, muulizeni nesi: hapa mnaruhusu msindikizaji leba, na aje na nini?