Mazigazi ya Chalbi na Watu Waliopotea Ziwani

Katika darsa yetu ya Kisauni tuliulizwa: Je, ni kweli kwamba kaskazini ya Kenya, pande za Marsabit na Ziwa Turkana, iko nchi ya majini, yaonyeshayo maji yasiyokuwapo na kupoteza watu?

Jawabu: Mambo mawili haya yatubidi tuyatenge.

Ama maji ya jangwa la Chalbi, hayo ni mazigazi. Jua likiwaka juu ya ardhi kavu, hewa ya chini hupata moto kuliko ya juu yake. Nuru ya mbingu ipitapo humo hupinda, na jicho likaona uwingu pale chini, likadhani ni maji. Apitaye barabara ya lami ya Changamwe wakati wa adhuhuri huyaona hayo hayo, wala hasemi kuwa barabara imeingiwa na pepo. Qurani yenyewe, katika Sura ya Nur, yataja mazigazi kwa mfano. Tena Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na hata leo mvua kubwa zikinya hupata maji ya kweli.

Ama kupotea watu, mwaka 1934 Vivian Fuchs, Mwingereza, aliongoza msafara wa elimu katika ziwa hilo, wakati huo likiitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini wasirudi, wakatafutwa, wasionekane. Lakini ziwa hilo lina upepo mashuhuri, ubanwao baina ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya, ukatoka kwa nguvu, hasa usiku na asubuhi. Ndugu zetu wavuvi wa Likoni wajua upepo kama huo hufanya nini kwa chombo kidogo. Hatusemi kwa yakini kuwa ndio uliowaua. Twasema kutojua si ushahidi wa jini.

Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa mauti yake. Aliyakataa maneno hayo, ilhali yalikuwa ya kumtukuza.

Majini twaamini kuwa wapo. Lakini kila tuwasingiziapo, hakuna aulizaye chombo kilikuwaje wala upepo ulivumaje. Na mwana wa mtu mwingine hupanda chombo kile kile kesho.