Programu ya hesabu ikikataa, iseme kwa nini

Buigiri, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Mwanafunzi asiyeona ndiye mkaguzi mkali wa programu ya hesabu: ujumbe wa kosa hausomi kwa macho, anausikia kupitia kisoma skrini. Mtaalamu wetu anajibu maswali ya watengeneza programu.

Swali: Kisanduku kikigeuka chekundu, si inatosha?

Jibu: Haitoshi. Kwa kawaida kisoma skrini hakitaji rangi. Mwanafunzi atabonyeza “Kokotoa”, asisikie kitu, adhani kompyuta imekwama. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, unataka kosa lielezwe kwa maandishi. Ujumbe uwekewe pia alama ya tahadhari katika msimbo ili utamkwe papo hapo.

Swali: Ujumbe uwe na nini?

Jibu: Mambo matatu: kilichoingizwa, sababu ya kukikataa, na kinachokubalika. Kwa miaka mingi Python, ikiombwa kipeuo cha pili cha −1, ilisema tu kwamba kuna kosa la kihisabati, bila kutaja namba. Toleo la 3.14 la Oktoba 2025 linaeleza kwamba ilitakiwa namba isiyo hasi, ikapokelewa −1.0. Hapo mtu anajua pa kushika.

Swali: Vipi alama kama #DIV/0! ya Excel?

Jibu: Mhasibu aliyeizoea ataielewa. Mtoto wa darasa la sita atasikia mlolongo wa alama tu. Mwambie: “Huwezi kugawa 12 kwa sifuri. Badilisha namba ya pili.”

Jihadhari pia na kistari. Kutegemea mipangilio, kisoma skrini huweza kukiruka, na “−9” ikasikika “tisa”. Basi ujumbe unasema tisa haina kipeuo cha pili, wakati mtoto anajua fika kwamba ni tatu! Andika “hasi 9”.

Swali: Mtu akiingiza 1,500?

Jibu: Usibahatishe. Kwetu koma hutenga maelfu; Ufaransa hutenga desimali. Kama programu inatumika kote kuwili, uliza: “Unamaanisha elfu moja na mia tano, au moja na nusu?” Usifute alichoandika, na mrudishe kwenye kisanduku chenye kosa, asianze kukitafuta upya.

Swali: Nitajuaje kama nimefaulu?

Jibu: Washa NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, kisha zima skrini. Ingiza sifuri, namba hasi, herufi. Acha kisanduku kimoja wazi. Ukishindwa kusahihisha bila kuwasha skrini, ujumbe wako bado. Ukifaulu, mlipe mtumiaji asiyeona aijaribu programu kabla hujaitoa, maana wewe tayari unajua kosa liko wapi, yeye hajui.