Fundisho juu ya moshi wa kamio

Wewe unayepeleka mavuno sokoni kwa kamio yenye turbo, tazama moshi wake wakati kamio imesimama na motere inazunguka polepole.

Moshi mweusi: mazutu ni nyingi, hewa ni kidogo. Safisha kwanza chujio ya hewa.

Moshi mweupe: asubuhi ya baridi si neno, kama unaisha motere ikipata moto. Usipoisha, angalia maji ya radiatere. Yakipungua kila siku, yanaingia ndani ya motere. Yasipopungua, pengine mazutu haiungui vema.

Moshi wa buluu: mafuta ya motere yanaungua. Zima motere, ngoja ipoe, ondoa mpira unaopeleka hewa toka turbo. Mafuta kidogo ndani si neno. Yakiwa mengi, usinunue turbo upesi. Tazama kwanza bomba linalorudisha mafuta chini: likiziba, mafuta hukosa njia na kupita katika turbo. Zibua, kisha pima tena.

Moshi wa buluu usiuache. Mafuta mengi yakiingia, motere yaweza kukimbia yenyewe hata ukifunga mazutu, nayo itavunjika. Ndipo mavuno yako yataoza njiani.