Afya ya Mbuga Iliyo Mjini

Wengi wetu tukiona seng'enge, lango na askari wa wanyama, husema, "Mahali hapa pamehifadhiwa," na habari huishia hapo. Napenda kueleza kwa nini hayo hayatoshi, na jinsi afya ya mahali kama hapo inavyopimwa.

Nitatoa mfano wa Mbuga ya Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1946, na eneo lake ni kama kilometa za mraba 117. Kaskazini, mashariki na magharibi ina ua. Kusini, penye mto Mbagathi, iko wazi. Wakati wa mvua nyumbu na punda milia huvuka kwenda kulisha katika nyanda za Athi na Kaputiei. Kiangazi kikija hurudi mbugani kutafuta maji.

Mtu akitazama ramani tu ataona mbuga ipo, naye ataridhika. Lakini wanyama walihesabiwa kwa ndege katika nyanda zile kwa miaka mingi. Mwaka 1978 nyumbu walizidi 25,000. Mwaka 2011 hawakufika 5,000. Sababu kubwa haikuwa ndani ya mbuga. Huko nje ardhi iligawanywa, seng'enge zikafungwa, nyumba na barabara zikajengwa, na njia za nyumbu zikazibwa.

Basi hapa twapata mafunzo matatu.

Kwanza, hesabu moja haitoshi. Wanyama huongezeka na kupungua kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo yafaa kuhesabu kwa njia ile ile, majira yale yale, mwaka hata mwaka.

Pili, tupime na nje ya mpaka, kwa maana ugonjwa waweza kuanzia huko.

Tatu, tusitazame wanyama wakubwa peke yao. Geuza mawe ya kijito uone wadudu walioshikamana chini yake. Wako wadudu wachanga wenye mikia mitatu myembamba, ambao wengi wao hawawezi kuishi katika maji machafu. Wako na mabuu mekundu, membamba kama uzi, ambayo huvumilia matope yenye hewa kidogo. Wale wa kwanza wakitoweka na hawa wakajaa, maji yameharibika, hata kama kwa macho yaonekana safi.

Kazi hii haihitaji ndege. Katika kijito kilicho chini ya uwanja wetu wa michezo, chandarua, sahani nyeupe na daftari vyatosha. Sisi wa Kidato cha Nne tumeanza hesabu muhula huu, lakini mwisho wa mwaka tutaondoka, na faida ya hesabu ni kuendelea. Daftari liko katika maabara, na kurasa nyingi bado ni tupu. Ndugu zetu wa vidato vya chini, tafadhalini msiliache. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.