Mshindi Asiyefika wa Kwanza: Somo katika Mashindano ya Baisikeli ya Hatua Nyingi

Tangu siku ya michezo ya mabweni, swali moja limeulizwa sana shuleni petu: "Bweni lililopata nafasi za kwanza nyingi kuliko yote limekosaje kombe?" Wengine wamenuna, wengine walikataa kupeana mikono na wenzao, na hata mzazi mmoja aliniuliza jambo hilo hilo alipokuja kulipia chakula cha mwanawe. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, wala si mwamuzi wa michezo. Lakini nimeona heri nilijibu swali hilo kwa njia ya somo, kwa kutumia mfano wa mashindano ya baisikeli ya hatua nyingi, maana wenye mashindano hayo wamelihangaikia swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja.

1. Mashindano haya ni nini?

Mashindano ya hatua nyingi ni safari ndefu iliyokatwa vipande. Kila siku wapanda baisikeli huondoka mji mmoja na kufika mji mwingine, na kipande hicho cha siku moja ndicho kiitwacho hatua. Muda wa kila mtu huandikwa kila siku, na mwisho wa safari siku zote hujumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi.

Yaliyo mashuhuri kuliko yote ni yale ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903. Mwanzilishi wake, Bwana Henri Desgrange, alikuwa mhariri wa gazeti la michezo liitwalo L'Auto, na shabaha yake ilikuwa kuuza magazeti. Mwaka ule zilikuwa hatua 6 tu, lakini jumla yake ilikuwa kilomita 2,428, na watu walipanda baisikeli hata usiku. Walianza watu 60, wakamaliza 21. Mshindi alikuwa Bwana Maurice Garin, ambaye utotoni alikuwa akifanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi ya nyumba za watu.

Mwaka uliofuata, 1904, kulitokea udanganyifu mwingi, hata Garin mwenyewe akanyang'anywa ushindi wake. Basi kuanzia mwaka 1905 hadi 1912 wakuu wa mashindano waliacha kuhesabu muda, wakatumia pointi kwa kufuata nafasi ambazo watu walifika. Mwaka 1913 waliurudia muda, na mpaka leo ndio unaotumika. Je, kuna tofauti gani? Njoo tufanye hesabu.

2. Hesabu ya Iringa mpaka Mbeya

Tuchukue barabara kuu tunayoijua. Hatua ya kwanza iwe Iringa mpaka Mafinga, ya pili Mafinga mpaka Makambako, na ya tatu Makambako mpaka Mbeya, ambayo ni ndefu kuliko zile mbili zikiwekwa pamoja. Wapanda baisikeli wetu wa kubuni ni Juma, Ali na Hamisi. Muda wao, kwa dakika, ni huu:

Hatua ya 1: Juma 140, Ali 141, Hamisi 144.
Hatua ya 2: Hamisi 125, Ali 126, Juma 134.
Hatua ya 3: Juma 300, Ali 301, Hamisi 306.

Juma amefika wa kwanza mara mbili, na Hamisi mara moja. Ali hakufika wa kwanza hata siku moja. Sasa jumlisha: Juma dakika 574, Ali dakika 568, Hamisi dakika 575. Ali ndiye mshindi, tena amemtangulia Juma kwa dakika 6 nzima.

Lakini kama tungetumia nafasi za kufika, ya kwanza ikiwa pointi 1, ya pili 2 na ya tatu 3, na mwenye pointi chache ndiye mshindi, Juma angekuwa na 5, Ali 6 na Hamisi 7. Juma angechukua kombe. Watu ni wale wale, barabara ni ile ile na jasho ni lile lile, ila kanuni imegeuka na mshindi amegeuka. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Nani bora?" hapana budi kwanza aulizwe, "Kwa kipimo gani?" Lililo muhimu ni kipimo kitangazwe kabla ya kuondoka Iringa, wala kisibadilishwe baada ya kufika Mbeya.

Wala usidhani kuwa mambo ya Ali ni ya kubuni tu. Bwana Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na ambaye ujanani alifundishwa na Mkenya David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Katika ushindi ule wa 2017 hakufika wa kwanza katika hatua hata moja. Na katika mwaka 1989, baada ya kilomita 3,285, Mmarekani Greg LeMond alimshinda Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 8 tu. Sekunde nane ni muda wa kuinama na kufunga kamba ya kiatu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia.

3. Mlima na upepo

Kwa nini Juma alipoteza dakika 9 katika hatua ya pili? Mwanafunzi wa Jiografia atajibu kwa kutazama nchi ilivyo. Nyanda za Mufindi na Makambako zi wazi na zina upepo mwingi. Mpanda baisikeli akienda peke yake, yeye ndiye anayeupasua upepo. Akijificha nyuma ya mwenzake, anaweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Ndiyo maana wapanda baisikeli huenda kwa kundi na kupokezana mbele. Aliyeachwa na kundi penye upepo ni kama aliyeachwa na basi: hata awe na miguu ya chuma, kundi humzidi.

Baada ya Makambako barabara huteremka mpaka bonde la Usangu, penye joto, ikapita Igawa, Chimala na Igurusi, kisha huanza kupanda tena kuelekea Inyala, Uyole na Mbeya, mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mlimani upepo hausaidii wala haudhuru sana, kwa kuwa mwendo ni mdogo. Hapo adui ni uzito wa mwili. Ndiyo sababu watu wembamba hushinda milimani, na wenye mapaja manene hushinda penye tambarare. Yeyote aliyepanda barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye kona 57, ataelewa upesi ninalosema.

Kwa kuwa vipaji ni mbalimbali, mashindano yale yana zawadi mbalimbali pia. Mwenye jumla ndogo ya muda huvaa jezi ya njano, desturi iliyoanza mwaka 1919. Mwenye pointi nyingi za kumalizia mbio huvaa ya kijani, na bingwa wa milima huvaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu. Vijana nao wana jezi yao nyeupe.

4. Timu, na msaada wa halali

Mwaka 1913 Bwana Eugène Christophe alikuwa akiteremka mlima wa Tourmalet wakati foki ya mbele ya baisikeli yake ilipovunjika. Kanuni ya siku zile ilisema kila mtu ajitengenezee chombo chake. Aliibeba baisikeli begani, akatembea kilomita nyingi mpaka kwenye kiwanda cha mhunzi, akaichomelea foki kwa mikono yake huku waamuzi wakimtazama. Mtoto mmoja alimvutia mivukuto ya moto. Kwa msaada huo mdogo, Christophe akaadhibiwa kwa kuongezewa dakika.

Tazama sasa mwaka 1934. Wakati ule watu walikwisha kushindana kwa timu za mataifa. René Vietto wa Ufaransa alikuwa kijana wa miaka 20, hodari sana mlimani. Kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, alipoharibikiwa na gurudumu, Vietto alimpa lake, akabaki ameketi ukingoni mwa barabara akilia, akingoja gari la msaada. Siku iliyofuata Magne aliharibikiwa tena, na Vietto akageuza baisikeli, akarudi kuupanda mlima alioushuka ili ampe baisikeli yake. Magne alishinda mashindano yale, na Vietto akawa wa tano.

Msaada uliokuwa kosa mwaka 1913 ulikuwa wajibu mwaka 1934. Hapa pana fundisho kwa kila mwanafunzi. Katika chumba cha mtihani, anayekuvutia mivukuto anakupotezea haki yako. Katika kujisomea jioni, anayekunyima gurudumu anaiangusha timu. Mwenye akili huijua kanuni ya mahali alipo.

Siku hizi katika Tour de France kila timu ina watu 8. Mmoja ndiye kiongozi. Wengine humkinga upepo, humletea chupa za maji, na humpa gurudumu akipata pancha. Wafaransa humwita msaidizi wa namna hiyo kwa jina lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Jina lake halimo katika orodha ya washindi, lakini dakika zake zimo ndani ya jumla ya mshindi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

5. Majirani zetu

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Rwanda, nchi ya vilima, ilianza mashindano yake, Tour du Rwanda, mwaka 1988, na tangu 2009 yamekuwa ya kimataifa. Mwaka 2014 yalishindwa na kijana wa huko huko, Valens Ndayisenga, naye akarudia mwaka 2016. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa ile jezi ya madoa katika Tour de France, na mwaka 2024 Biniam Girmay, Mweritrea pia, alishinda hatua tatu na kuichukua jezi ya kijani. Na Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baisikeli barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika.

Kwetu baisikeli hubeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na wanafunzi wa kutwa wanaotoka mbali. Miguu ipo, na milima ipo tele.

Basi nirudi kwenye kombe letu. Kanuni ya kujumlisha pointi za bweni zima ilibandikwa ubaoni kabla ya michezo, na bweni lililoshinda lilishinda kwa haki, kwa nafasi za pili na za tatu za watu ambao hawakupigiwa makofi. Lakini wenye kunung'unika wana neno la kweli ndani yake: aliyefika wa kwanza naye astahili kutajwa. Nashauri kamati ya michezo itafute zawadi ndogo kwa washindi wa kila mchezo, hata kama ni daftari tu, na moja kwa msaidizi bora wa kila bweni. Kombe libaki kwa jumla.

Maswali ya kujipima

1. LeMond alianza hatua ya mwisho akiwa nyuma ya Fignon kwa sekunde 50, akashinda kwa sekunde 8. Je, alipata sekunde ngapi siku ile?
2. Juma angepoteza dakika 2 tu kwa Ali katika hatua ya pili, jumla yao ingekuwaje? Toa kanuni ya kuamua mshindi, kabla ya kutazama nani atafaidika.
3. Ungekuwa Vietto, ungetoa gurudumu? Eleza sababu zako kwa maneno yasiyozidi 100.